Karatasi za Mgomba wa Kaburini

Milima ya Uluguru ilikuwa imeshajifunika mawingu hadi kiunoni, na mtu yeyote wa Kihonda anajua maana yake: una muda wa kuanua tu, wa kupiga soga huna. Martina alitoka mbio uani na kapu mkononi, akaanza kuanua karatasi zake kwenye kamba.

Ndiyo, karatasi. Alikuwa amezibana kwa vibanio kama nguo za mtoto.

"Wenzio wanaanika kanga, wewe unaanika migomba," Janeth alimtania kutoka barazani. Janeth alikuwa mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, na ulimi wake haukujua likizo. "Ndiyo maana wachumba wanaishia getini."

"Waishie huko huko. Anayetaka mpishi akapange foleni kwako."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho cha Martina jioni ile, kwa hiyo acha tumwache acheke kidogo.

Martina alikuwa msanii, na tangu masika alikuwa ameshikilia kazi moja tu: kitabu. Si cha kuchapisha. Kitabu kimoja, nakala moja, alichokitengeneza kwa mikono yake kuanzia karatasi mpaka uzi wa kushonea. Aliukatakata mgomba, akauchemsha na majivu, akautwanga kwenye kinu hadi ukawa rojo, akalichota rojo kwa fremu ya wavu na kulianika juani. Kitabu alikiita *Mimi Nani*. Hakikuwa na hadithi ndani yake. Kila ukurasa ulikuwa kipande chake mwenyewe. Kulikuwa na alama ya kiganja chake kwa wino mweusi. Kulikuwa na nywele zake, alizozishona kwa sindano zikawa njia aliyopita utotoni kwenda shule. Kulikuwa na kovu la mafuta ya maandazi alilolichora kwa rangi ya majani ya chai. Hata cheti chake cha kidato cha nne alikibandika humo, pamoja na ile F ya hisabati ambayo mtu mwenye akili timamu angeificha.

Ulibaki ukurasa mmoja. Wa mwisho ulikuwa uwe uso wake: amwage rojo zito kwenye sinia, alaze uso humo, asubiri, kisha aanike. Jumamosi kitabu kilitakiwa kiwe mezani kwenye maonyesho ya wasanii mjini. Habari za ukurasa huo hakumwambia mtu yeyote, hata Janeth.

Alikuwa na sababu ya kujichimbua namna hiyo. Mama yake, Rosa, alifariki huko mlimani Martina akiwa bado ananyonya, naye akalelewa mjini na shangazi. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kila harusi na kila msiba, Mjomba Bartholomeo, kaka yake Rosa na msemaji wa ukoo, alimshika bega mbele za watu na kusema, "Huyu ni wetu. Siku moja atarudi kushika jembe la mama yake." Martina alitabasamu kwa adabu. Alichoka kuelezwa na watu yeye ni nani. Kitabu kilikuwa jibu lake.

Na humo humo kwenye kitabu ndimo alimofanya kosa ambalo mtoto aliyekulia mlimani asingelifanya hata kwa kuchapwa.

Alipopanda kwenda kumsalimia Bibi Agnes, mama yake Rosa, alikuta mgomba mrefu umesimama katikati ya kaburi la mama yake. Ulikuwa umenona, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akaona, kitu gani kitakuwa kizuri zaidi ya kujiandika juu ya mmea uliokua juu ya mama? Bibi alikuwa kanisani. Martina akachukua panga, akaukata, akateremka nao mjini. Hakumuuliza mtu nani aliupanda.

Basi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati alipofika kwenye karatasi ya mwisho, ile ya mwisho kabisa kwenye kamba. Nyingine zote zilikuwa kavu na nyepesi.

Hii ilikuwa nzito.

Tena ilikuwa na joto. Joto la shavu la mtu. Akainusa... udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Akaingia nayo ndani, akaiweka chini ya taa.

Katikati ya karatasi palikuwa na uso.

Haukuchorwa. Ulikuwa umetuna kutoka ndani, kama mtu amejilaza upande wa pili. Macho yamefumba. Jicho la kushoto, nyusi imekatwa katikati na kovu la zamani. Martina alilijua kovu hilo. Lilikuwemo kwenye picha ya pekee ya mama yake aliyokuwa nayo, picha ya msichana mwembamba aliyeshika ua.

Ila huyu hakuwa msichana. Huyu alikuwa na mikunjo mdomoni na mashavu yaliyobonyea. Alikuwa mama wa makamo, amechoka.

Nywele zikamsisimka Martina mpaka kisogoni. Picha ya marehemu haizeeki, yeye kama msanii alilijua hilo. Anayezeeka ni mtu aliye hai.

Akajikaza, akaweka sikio juu ya karatasi.

Chwap...

Chwap...

Jembe. Mtu alikuwa analima, taratibu, bila kupumzika.

Alipiga simu mlimani. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanagu. Mbona unahema?"

"Bibi, mgomba uliokuwa kwenye kaburi la mama... nani aliupanda?"

Mvua ilikuwa inapiga huko na huku.

"Hakuna aliyeupanda," Bibi Agnes akasema hatimaye, kwa kunong'ona. "Ulichipua wenyewe. Niliona kisiki nikajua ni wewe. Nikanyamaza. Nikasema, labda."

"Labda nini?"

"Labda atafunguka. Tulizika mzigo mzito, Martina. Rosa alikuwa kama unyoya, lakini lile jeneza lilibebwa kwa kupokezana. Anayemchukua mtu lazima aache kitu kizikwe. Anauchukua mgomba, anaupa uso wa mtu, watu wanaulilia mgomba. Mwenyewe anakwenda kulima mashamba ya watu asiowajua, usiku na mchana. Msukule."

"Nani alimchukua?"

"Unaniuliza nani! Wewe umeona kabeji za nani hazipaliliwi na mtu na hazina hata jani moja la magugu?"

Martina alizijua kabeji hizo. Kila mtu alizijua. Matuta ya Mjomba Bartholomeo yalinyooka mlima mzima, na hakuna kibarua aliyewahi kuonekana humo.

"Na wewe ulijua, Bibi? Miaka yote hii?" Sauti ilimpanda. Hakuwa na hofu tena, alikuwa na hasira. "Ulijua ukanyamaza?"

"Ningemshtaki nani kwa nani? Wote wawili wamenyonya titi hili." Bibi alikuwa analia. "Nisikilize. Usiweke uso wako kwenye mgomba ule. Usithubutu. Ukiweka, utakuwa umemfanyia kazi yake kwa mikono yako."

Martina alitazama sinia mezani. Rojo lilikuwa limeshamwagwa tangu mchana, laini, linamsubiri.

"Mjomba yuko wapi sasa hivi?"

"Yupo chumbani. Amelala tangu mchana. Namsikia anakoroma."

Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa."

Simu ikakatika. Umeme nao ukaenda.

Mjomba Bartholomeo aliingia bila kukaribishwa, na kikapu cha kabeji mkononi. Koti lake la kaki lilikuwa kavu, na mvua nje ilikuwa ya kumwaga. Martina aliwasha tochi ya simu. Mdomo, kwa mazoea ya maisha yote, ukatangulia kumsaliti.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Akaketi. "Nimesikia una kitabu."

Alizungumza vizuri, kwa upole wake ule wa misibani. Lakini baina ya neno na neno alikuwa anavuta pumzi ndefu, ya kukwaruza kooni... khrrr... Alikuwa akihema kama mtu aliyelala. Macho yake hayakupepesa.

"Kizuri," akasema, akikigusa kwa kidole. "Khrrr... Lakini hujamaliza. Umebakiza uso."

Hakuna aliyemwambia.

"Nimeghairi," Martina akasema.

"Usighairi. Mama yako amechoka. Mikono haishiki tena. Mimi si mtu mbaya, namwonea huruma. Wewe ukishika jembe, yeye atapumzika." Akalisogeza lile sinia, polepole, mpaka likamgusa Martina tumboni. "Inama tu. Haiumi."

"Sitaki."

"Wewe ni nani, hata useme hutaki?"

Martina alifungua kinywa kujibu. Jibu alikuwa nalo. Miezi yote hiyo alikuwa anashona jibu!

Halikuja.

Akakifungua kitabu kwa pupa. Kiganja chake kilikuwa kinafifia mbele ya macho yake, kama chai inayoongezwa maji. Akafunua. Nywele zilikuwa zinajifumua zenyewe, uzi mmoja mmoja, zinadondoka mezani. Akafunua. Kovu halikuwepo. Akajishika mkono, na hata kwenye ngozi kovu halikuwepo.

"Jina lako nani?" Mjomba akauliza kwa upole. "Khrrr... Huna. Wewe ni wa ukoo. Wewe ni mtoto wa Rosa. Inama, mtoto wa Rosa."

Shingo yake ikaanza kulegea. Rojo lilinukia vizuri sana, lilinukia kitanda. Akajiona anainama, na moyoni akajisemea kwamba si vibaya, ni kupumzika tu. Mkono wake, uliokuwa bado unafunua kurasa bila yeye kuuambia, ukafika kwenye cheti.

Hisabati: F.

Ilikuwa pale pale. Nyeusi, nene, haikufifia hata kidogo.

Martina akaitazama F ile iliyomliza, iliyomnyima chuo, aliyoifuta kichwani kwa miaka kabla ya kujipa moyo wa kuibandika. Na hapo, mbele ya mchawi, gizani, akapasuka kwa kicheko. Maana mambo mengine yote wangeweza kumdai. Kiganja ni cha babu, nywele ni za bibi, sura ni ya mama. Lakini hakuna ukoo duniani ungejitokeza kuidai F ile. Ilikuwa yake. Aliitafuta mwenyewe, kwa uvivu wake mwenyewe, akitoroka vipindi kwenda kuchora chini ya ngazi za bweni. Na juu ya F, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina la mwenye nayo.

"Martina!" akapiga kelele. "Naitwa Martina, na sijui hesabu, na silimi!"

Mjomba alikunja uso kwa mara ya kwanza. Akainuka, akaegemea meza kwa mikono miwili, akauleta uso wake juu ya sinia.

"Usilete utoto," akasema. "Ni kitu kidogo. Tazama. Unainama hivi..."

Martina alimshika kisogo kwa mikono yote miwili, akamkandamiza.

Uso wa Mjomba ukazama. Khrrr ikageuka mapovu. Hakupigana, mtu aliyelala hapigani. Martina alikandamiza kwa uzito wake wote, kwa ajili ya yule msichana aliyeshika ua, kwa ajili ya kila harusi aliyoshikwa bega, akilia na kutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akakandamiza mpaka viganja vyake vikagota kwenye bati la sinia.

Katikati ya viganja na sinia hapakuwa na kitu. Koti halikuwepo. Mtu hakuwepo.

Kwenye rojo ulibaki uso, umefumba macho.

Mlango ukasukumwa. Ni Janeth, na mshumaa. "Wewe! Unamtukana nani hivyo?"

"Hukumwona mgeni wangu?"

"Mgeni gani? Nimekaa barazani hapo tangu mvua ianze. Hajapita hata paka." Janeth akashusha mshumaa, akatazama meza. "Na hizi kabeji umetoa wapi?"

Asubuhi Bibi Agnes alipiga simu. Bartholomeo hakuamka. Na mlangoni, Bibi alipotoka kuita majirani, palikuwa na mtu ameketi.

Martina alipanda mlimani siku hiyo hiyo. Alikuta jeneza la mjomba wake limeshatoka nje, na wanaume wanalalamika uzito wakipokezana kwenye mteremko. Palinuka utomvu wa mgomba. Bibi Agnes alisimama kando ya kaburi, macho makavu. Alitupa udongo wake kama wengine, akarudi jikoni alikomficha yule mtu. Martina alimkuta ameketi karibu na mafiga. Mikono ilikuwa migumu kama mpini. Nyusi ya kushoto ilikuwa imekatwa katikati. Martina alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwake, akalia kama mtoto wa kunyonya, na mkono ule mgumu ukaja juu ya nywele zake, ukakaa hapo. Lakini mdomo haukusema kitu.

Alimleta Kihonda. Watu wa mlimani walisema yao. Kiganja na kovu vilikuwa vimerudi kitabuni na mwilini. Nywele alizishona upya. Uso wa Mjomba aliukausha, akaushona uwe ukurasa wa mwisho, akakipeleka kitabu kwenye maonyesho mchana kweupe. Waliokuja wakasifu. Wengi walisimama kwenye ukurasa ule kuliko mwingine wowote. Mama mmoja alirudi mara ya pili akauliza kama macho yalikuwa yamefumbwa vile tangu mwanzo.

"Tangu mwanzo," Martina akamjibu, bila kutazama.

Kilichofuata kilianza kidogo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa magugu na mifuko ya plastiki, kisicho na mwenyewe. Asubuhi moja magugu hayakuwepo. Asubuhi iliyofuata palikuwa na matuta, yamenyooka, ya ngazi ngazi kama ya mlimani, hapo Kihonda kwenye tambarare. Janeth alimpongeza kwa kuacha uvivu. Baadaye kidogo kabeji zikatokeza.

Martina hakuuliza. Alikuwa na furaha mbaya kifuani, lazima niiseme. Jioni alikiweka kitabu sikioni, akasikiliza. Chwap... chwap... "Lima, Mjomba," alinong'ona. "Lima tu."

Mpaka jioni ile Rosa alipotoka uani mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alitembea mpaka kwenye matuta. Akachutama, akakamata udongo, akaunusa. Akageuka. Akasema, kwa sauti iliyoota kutu, maneno yake ya kwanza.

"Martina... nani anakulimia?"

Martina alihisi kitu kimemvunjika ndani. Kwa desturi ya ukoo, mali ya mjomba inakwenda kwa mpwa wake. Alikuwa amerithi. Bila kuitwa kikaoni, bila kukabidhiwa, alikuwa ameshaketi kwenye kiti kile kile, na kilimtosha.

"Hakuna tena," akasema. "Mimi sirithi."

Akaingia ndani, akaukata uzi, akautoa ukurasa wa mwisho. Akajaza beseni maji, akauzamisha, akaanza kuukanda. Karatasi ya mgomba ikiloa hurudi rojo upesi. Ile haikutaka. Pua ilikatika, midomo ikakatika, lakini macho yalibaki yanaelea, mawili, mpaka akayafikicha kwa vidole.

Yalifumbuka kabla hayajayeyuka.

Rosa alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama. "Umemfungua. Atarudi," akanong'ona.

"Arudi. Atatukuta wawili."

Nje jua lilikuwa linazama na Uluguru inaingia giza. Matuta yalikuwa kimya. Sauti ya jembe haikusikika tena popote, wala ndani ya kitabu, wala nje. Martina alikausha mikono kwenye gauni lake, akafungua kitabu mahali palipobaki wazi, akatafuta kalamu.

Khrrr...

Getini. Kisha barazani. Viatu vizito vyenye udongo, na harufu ya utomvu ikipenya chini ya mlango.

"Hodi hapa."

Rosa alinyoosha mkono ukutani, akalichukua jembe alilokuja nalo kutoka mlimani. Alilishika kama mtu anayelijua vizuri, na safari hii hakuna aliyemwagiza.

Martina akaenda kufungua mlango.